Mlango Aliotokea Mauza

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Anfal alifungua mlango wa mbele wa nyumba ya mjomba wake kule Kitumbini, akawakaribisha watu waliokuja kutazama aibu ya mama yake. Kibao cha ukutani kilisema kwa heshima zaidi. Kilisema hapa ndipo alipokulia mwandishi Azzam bin Sheikhan, na wageni wanaombwa kuvua viatu.

Azzam, mtoto wa mjomba huyo, alikuwa na miaka sita kaburini, na kaburi lilimkaa vizuri kuliko suti zake zote. Alipokuwa hai walimsoma, alipokufa wakamtukuza. Riwaya yake ya pili iliingizwa mashuleni, watoto wakaikariri, na mwanawe Yasser, aliyekuwa akiishi Maskati na kuja Dar kwa mazishi tu, akaona ni jambo jema nyumba za ukoo zitembelewe. Nyumba zenyewe zilikuwa mbili. Moja ni hii ya Kitumbini, na nyingine iko Kariakoo. Hiyo ya Kariakoo haikuwa ya ukoo hata kidogo, ila kitabu kiliiingiza kwenye ukoo kwa nguvu.

Anfal alikuwa na lake moyoni juu ya mpango huo, lakini nyumba ilikuwa ya Yasser kwa urithi. Yeye alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, aliyeachika zamani bila mtoto, analala chumba cha uani na kumtunza Bi Samah, mama yake Azzam, aliyebaki peke yake ghorofani. Yasser alipomtumia kwa simu maneno ya kuwaambia wageni, Anfal aliyakariri neno kwa neno, kama mtoto wa madrasa anayeogopa bakora.

Jina la kitabu hakulitamka. Alikiita kitu kile.

Kitu kile kilisimulia habari za mjane, shangazi wa msimulizi, aliyekaa eda katika nyumba hii hii baada ya mumewe kufariki. Mjane akiwa edani hatoki nje ila kwa dharura, na hakutani na mwanamume wa kando. Huyu wa kitabuni alitoka mchana kweupe kwa mlango wa uani, akaenda Kariakoo kwa mwenye duka mmoja wa Kichaga, akakaa chumba cha ndani mpaka alasiri. Miezi michache baadaye tumbo likaonekana. Azzam hakujisumbua hata kubadilisha mitaa. Alibadilisha jina la shangazi tu, na siku kitabu kilipofika madukani watu wa Kitumbini walilirudisha lile la asili kabla ya adhuhuri. Mauza. Mama yake Anfal.

Na lile tumbo lilikuwa Anfal mwenyewe.

Ndiyo maana wageni walipomaliza kutazama boriti za dari na dawati la mwandishi, waligeuka wakamtazama yeye. Walimtazama pua, walimtazama paji la uso, wengine hata hawakuona haya kunong'onezana mbele yake. Yeye alikuwa Anfal binti Nassibu. Nassibu alikufa akimwacha mkewe na mimba changa ambayo mke alikuwa hajamwambia mtu, na anayejua kuhesabu miezi angehesabu akaridhika. Lakini umbea hauhesabu, na Anfal alichoka zamani kuwaomba watu wahesabu.

Kisa chenyewe alikijua. Mauza alimsimulia miaka kumi na miwili nyuma, siku tatu kabla hajafa, naye alikuwa amekwishaishi na kitabu hicho miaka kumi na minne bila kujibu neno.

Ilikuwa mwaka ule soko kubwa la Kariakoo likiwa bado linajengwa. Sheikhan, kaka yake Mauza, alikuwa na safari ya Tanga kufuata mali ya dukani. Kabla ya kuondoka alimwambia mkewe Samah kwamba akitoka nyumba ile kwenda kwa ndugu zake Magomeni, basi hiyo ni talaka ya tatu. Mbili zilikwishatoka, na Sheikhan hakuwa mtu wa kutania na maneno hayo. Ya tatu haina marejeo. Lakini Samah alikuwa na miaka ishirini na sita na mdogo wake wa tumbo moja anaolewa. Alijitanda buibui, akamwachia Mauza mtoto, akasema adhuhuri itamkuta amerudi.

Mtoto alikuwa Azzam, mwenye miaka mitano, na alikuwa na homa tangu jana yake. Saa tano akashikwa na degedege. Ndani hamkuwa na mtu mwingine. Mauza, mwezi wa pili wa eda yake, alimnyanyua mtoto aliyekakamaa, macho yamepinduka, akatokea mlango wa uani na kukimbia. Alikuwa akiikimbilia zahanati ya nyuma ya soko, ndiyo pekee aliyoijua. Miguu ilimwishia mbele ya duka la Tarsis, Mchaga yule yule wa kitabuni. Tarsis aliwapakia kwenye pikapu yake, mtoto akachomwa sindano akapona. Kisha Celina, mke wa Tarsis, akamlaza Mauza chumbani kwake, kwa sababu damu ilikuwa imeanza kumtoka na mimba inataka kuharibika. Alipotoka chumba kile ilikuwa alasiri, na watu wa mtaani wakamwona.

Samah alimwangukia miguuni. Sheikhan aliporudi akasikia yaliyosemwa, alimuuliza dada yake alifuata nini Kariakoo. Mauza angejibu kwamba alimpeleka mtoto kwa daktari, na hakuna sheikhe ambaye angemlaumu. Lakini swali la pili lingekuwa moja tu. Mama yake mtoto alikuwa wapi? Basi akanyamaza. Sheikhan alikaa miaka tisa, mpaka kufa kwake, hakula chakula kilichopikwa na dada yake, na Samah akabaki mke wa mtu.

"Maadamu Samah yu hai, usimfedheheshe," Mauza alimwambia bintiye, na akamshikisha msahafu ndipo akamwacha mkono.

Anfal alishika ahadi hiyo. Kilichomsaidia kuishika ni jambo moja, kwamba Azzam hakujua. Alikuwa mtoto wa miaka mitano hana fahamu, atakumbuka nini? Alikua akisikia ya barazani, na ya barazani ndiyo aliyoyaandika. Kwa sababu hiyo Anfal aliweza kupangusa vumbi kwenye dawati lake kila asubuhi bila kulitemea mate. Aliyemkasirikia ni yule mmoja wa juu aliyekuwa hai, aliyejua kila kitu, anayepokea salamu za wageni kama malkia. Hata hivyo alimwogesha, akamsuka, akampondea ugali wake ukalainika. Alikuwa akingoja siku mtu amuulize kizee swali lenyewe. Moyoni alikuwa na hakika kwamba akiulizwa, atasema.

Jumamosi hiyo alikuja Mwalimu Filbert na wanafunzi wake wa kidato cha nne. Filbert alikuwa mwalimu wa Kiswahili mwenye sauti ya redio na nakala ya kitabu kile iliyojaa mistari ya kalamu nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekiamini kitabu kama watu wengine wanavyoamini dawa ya mganga wao.

Anfal aliwazungusha. Aliwaonyesha sebule, dawati, miwani ndani ya kabati la kioo, kisha akawateremsha uani kwenye mlango wa mbao unaotokea uchochoroni. Alisema maneno ya Yasser, kwamba kwa mlango huu shangazi alitoka katika siku zake za eda na ukoo ukabadilika milele. Filbert akaongeza yake. Aliwaambia wanafunzi waandike kwamba mlango huu ni ishara ya usaliti, na swali la usaliti wa Shangazi limekwishatoka mara tatu kwenye mitihani. Wakaandika. Kijana mmoja aliupapasa mlango, mwingine akapiga nao picha amenyoosha vidole viwili. Anfal alijikaza kisabuni.

Kisha wakapanda kumwamkia Bi Samah. Alikuwa ameketi kitandani na kanga mpya mabegani, tasbihi mkononi. Shikamoo ilitoka kwa pamoja kama wimbo wa shule, naye akajibu marahaba, akauliza kama wamepewa maji. Wageni kwa kawaida walimuuliza Azzam alipenda kula nini utotoni. Safari hii binti mmoja aliyeitwa Caroline, mwembamba, mwenye daftari lililojaa mpaka jaladani, alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Bibi, samahani. Yule shangazi alitoka kweli? Au ni hadithi tu?"

Anfal alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maji. Miaka sita alikuwa akilingoja swali hilo. Bi Samah alimtazama binti, kisha akamtazama Anfal, machoni hasa, muda ambao kila mtu chumbani aliuona. Kisha akashusha macho kwenye tasbihi.

"Aliyekufa katangulia, mjukuu wangu," alisema kwa upole. "Tumsitiri."

Filbert nusura alie. Alipokuwa akiwateremsha wanafunzi ngazi aliwaambia kwamba wamesikia kwa masikio yao ukarimu wa wanawake wa zamani, walioweza kufunika hata makosa ya wifi zao. Anfal alibaki mlangoni na sinia lake. Bi Samah angekubali kwa mdomo mzima kwamba Mauza alikuwa malaya, isingeuma kama hivi. Neno lile la sitara ndilo lililomla mama yake miaka arobaini, na leo mwanamke aliyefunikwa nalo alikuwa amelichukua akamfukia nalo mwenyewe aliyelitoa. Anfal alihisi chuki, chuki ya wazi, na hakuionea haya.

Walikwenda Kariakoo kwa miguu, wakakatiza Mnazi Mmoja kwenye jua la saa sita. Anfal alitangulia. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wakinunua barafu na kucheka. Nyumba ya Tarsis ilikuwa imebaki moja tu ya chini katika mtaa ule, imebanwa na maghorofa pande zote, na bintiye Blandina alikataa kuiuza mpaka madalali wakamkinai. Aliuza mabeseni na ndoo kwa jumla. Yasser alipomwomba aruhusu wageni waingie, alimjibu kwamba wakitaka beseni waje. Kwa hiyo kila Jumamosi Anfal aliwasimamisha wageni ng'ambo ya barabara, akawasomea habari za nyumba ya mpenzi wa shangazi, kwa sauti ya chini isivuke. Blandina alimtazama kutoka kwenye stuli yake, na Anfal akakwepa macho.

Leo hakusimama ng'ambo. Alivuka moja kwa moja kati ya mikokoteni, msafara mzima ukamfuata.

"Da Blandina," alisema. "Leo wafungulie chumba cha ndani."

Blandina alikuwa akifunga ndoo kumi na mbili kwa kamba. Aliiacha kamba ikalegea.

"Umeamua?"

"Nimeamua."

Chumba kilikuwa kimejaa mabeseni mpaka darini, mekundu na ya bluu, na wanafunzi walisimama kwa kubanana kwenye nafasi iliyobaki. Anfal aliwasimulia yote. Hakupamba. Aliwaambia homa, harusi ya Magomeni, talaka ya tatu, degedege, pikapu, damu. Alisema jina la mama yake na jina la baba yake, akawaambia wahesabu miezi kwa vidole, hapo hapo, na wawili watatu wakahesabu. Pale Sheikhan alipoacha kula chakula cha dada yake alipasema mara mbili.

Blandina alisubiri amalize. Kisha akasema kwamba yeye alikuwa na miaka minane, na ndiye aliyeshika beseni la maji mama yake alipokuwa akimkanda mtoto. Alisema mtoto alikuwa amevaa kaptura ya kijani, amejikojolea. Baba yake alimwahidi yule mama kwamba hawatasema, na hawakusema, hata kitabu kilipotoka, hata mama yake alipoanza kukaa benchi la mwisho kanisani ili watu wasimgeukie.

"Mama alikuwa humu humu ndani siku hiyo," alisema. "Kwenye kitabu hayumo. Mwandishi alimfuta, si angewaharibia mapenzi yao."

Nje spika za wauza viatu ziliendelea kutangaza bei. Caroline alikuwa akiandika kwa haraka, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Anfal aliuona mkono ule ukikimbia kwenye daftari na kwa dakika moja alihisi mwili wake mwepesi. Basi lilikuwa jambo rahisi hivi. Mtu anasema, mwingine anaandika.

Mwalimu Filbert alikohoa. Aliwashukuru akina mama wote wawili kwa adabu kubwa, akasema simulizi za jamii zina thamani yake na yeye binafsi ameguswa. Kisha akawageukia watoto wake.

"Ila tuelewane. Kwenye mtihani jibuni la kitabuni. Hili halina maksi."

Caroline alisimamisha kalamu. Alimtazama mwalimu, akamtazama Anfal kidogo, kwa haya, kama mtu anayerudisha sahani aliyopewa. Kisha akatoa rula kwenye begi, akaiweka juu ya daftari, akapiga mstari mmoja ulionyooka katikati ya maneno yote aliyoyaandika.

Anfal alirudi Kitumbini peke yake. Hasira ilikuwa imekwisha njiani, na palipokuwa na hasira pakaingia hofu. Alikuwa amevunja kiapo cha marehemu mama yake, kiapo cha msahafu, na amekivunja bure. Alijiona mjinga, tena mjinga mwenye dhambi. Kwa mama yake hakuwa na njia tena ya kuomba msamaha, lakini aliyefedheheshwa alikuwa juu, hai, akingoja chai. Alichemsha maji, akatia tangawizi, akapanda nayo. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa na Bi Samah alikuwa amekwishaswali kwa kukaa.

Anfal aliweka kikombe, akakaa chini sakafuni kama alivyokuwa akikaa utotoni, akamwambia. Alisema amewaambia watu yaliyotokea, mbele ya mwalimu na mbele ya binti Tarsis, na amekuja kuomba radhi kwa sababu aliapa kutosema.

Bi Samah hakukasirika. Alipuliza chai.

"Wamesemaje?"

"Hawakuandika, Mama." Ndivyo alivyomwita mkaza mjomba wake huyo tangu akiwa mdogo.

Kizee alishusha pumzi ndefu, na Anfal aliisikia jinsi ilivyotoka kwa raha. Kisha akasema jambo ambalo hakuulizwa. Labda ni raha hiyo iliyomlegeza, au labda alikuwa amelibeba muda mrefu mno.

"Azzam naye hakuandika."

Anfal alinyanyua uso.

"Nilimwambia mwanangu. Alinisomea kitabu kabla hakijaenda kupigwa chapa, humu humu chumbani. Nikalia. Nikamweleza kila kitu, harusi, baba yake na talaka zake, Mauza na mlango. Sheikhan alikuwa keshakufa, sikuwa na wa kumwogopa. Nikamwambia shangazi yako ndiye aliyekutoa mikononi mwa mauti."

"Akasemaje?"

Bi Samah alitazama dirishani. "Akasema, mama, mjane aliyekimbia na mtoto mgonjwa atasomwa mara moja. Mjane aliyekimbilia kwa mwanamume atasomwa milele. Nikanyamaza. Alikuwa mwanangu, na alikuwa anajua kazi yake."

Anfal alifikiria dawati. Miaka sita alikuwa amelipangusa, na miwani ile akaifuta kwa kanga yake mwenyewe, akimwonea huruma mtoto asiyejua. Kumbe mtoto yule alikuwa mtu mzima mwenye kalamu, na alimwangalia aliyembeba mgongoni akampima uzito wa kuuza. Na Mauza alikuwa bado hai wakati huo. Alikuwa chini, uani, akichambua mchele wa nyumba hii hii.

"Kama umekuja kuomba radhi, nimekuwia radhi," alisema Bi Samah. Alinyoosha mkono, akamgusa Anfal kichwani. "Na wewe uniwie mimi. Nishazeeka, mwanangu. Sitaki kwenda na deni la Mauza, na Mauza hayupo wa kuniachilia. Umebaki wewe."

Radhi kwa mtu mzima mwenye miaka sabini na saba haikataliwi. Watu huitoa hata kwa waliowaibia, hata kwa waliowavunjia ndoa, hutoa kwa haraka kama wanavyoitikia salamu, kwa kuogopa mtu asife katikati ya maneno. Anfal alikuwa amelelewa hivyo. Neno lenyewe lilimjia mdomoni kwa mazoea na akalishika na meno.

Aliutoa mkono wa kizee kichwani mwake taratibu, akauweka kwenye kanga.

"Jumamosi ijayo nitakuteremsha mimi mwenyewe mpaka mlango wa uani," alisema. "Wageni watakuwepo. Utasema pale, mbele yao, kwa kinywa chako, Mauza alitoka kwa sababu gani. Ukisema, nitakuwia radhi."

"Watasema mwanangu alikuwa mwongo."

"Watasema."

Bi Samah alizungusha punje moja ya tasbihi, kisha nyingine.

"Jumamosi mbali, Anfal. Naweza nisifike."

"Basi utakwenda nalo."

Alinyanyuka, akachukua kikombe kilichokuwa bado nusu, akashuka nacho uani. Mlango wa mbao ulikuwa wazi, wanafunzi walisahau kuufunga. Aliuacha hivyo hivyo, akakaa kwenye kibao, akaanza kuosha vyombo vya wageni.